Sikiliza Lori Kabla ya Kununua Kifaa

Mazungumzo kwa wenye malori, madereva, mafundi na wanafunzi wa ufundi wa Kaunti ya Kwale



Ni vigumu kupata nyumba ya mawe Kwale iliyojengwa bila lori. Lori ndilo huleta mchanga, kokoto, saruji na mawe ya kukata. Lori ndilo hutoa miwa mashambani Ramisi, hupeleka maji Kinango wakati wa kiangazi, na huvuka mpaka wa Lunga Lunga kuelekea Tanga. Kuanzia Februari 2014, shehena ya kwanza ya madini ya Base Titanium ilipopakiwa melini Likoni, hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024, malori mazito yalikuwa sehemu ya kila siku ya barabara ya Msambweni na Ukunda. Sasa barabara ya Dongo Kundu, yenye madaraja ya Mwache na Mteza, imeunganisha Kwale na upande wa bara wa Mombasa bila kungoja feri, na magari mazito yamepata njia nyingine ya kuingia kusini mwa Pwani.

Kwa hiyo hitilafu ya lori haimhusu mwenye lori peke yake. Lori likizimika usiku kwenye kona bila taa, anayeweza kuligonga ni kijana wa bodaboda. Lori likikosa breki mteremkoni, walio hatarini ni watu wa sokoni kule chini. Na lori likilala gereji wiki tatu kwa sababu ya kubahatisha, dereva na utingo hawapati kitu, na mwenye lori anadaiwa na benki vilevile.

Neno kubwa la mazungumzo haya ni moja: chanzo kitafutwe kwanza, kifaa kinunuliwe baadaye.

Hasara ya kubahatisha

Kisa hiki kinajulikana katika kila gereji. Lori halina nguvu kwenye mlima. Fundi mmoja anasema ni nozo, zinabadilishwa. Wa pili anasema ni pampu ya dizeli, inapelekwa mjini kupimwa. Wa tatu anasema ni turbo. Baada ya fedha nyingi kwenda, mtu anafungua chujio la hewa na kukuta limejaa vumbi jekundu la barabara za ndani, gumu kama udongo wa ukuta. Kifaa cha bei ndogo kuliko vyote ndicho kilichokuwa na shida, na ndicho kilichoangaliwa mwisho.

Fundi mzuri huanza kwa kuuliza, na dereva mzuri huwa na majibu. Maswali ni manne. Tatizo lilianza lini, ghafla au polepole? Linatokea wakati gani: asubuhi injini ikiwa baridi, likiwa na mzigo, au kwenye mlima tu? Ni kazi gani iliyofanywa kwenye lori siku za karibuni? Na kuna dalili gani nyingine, kama moshi, harufu, sauti, au maji na oili kupungua?

Swali la tatu husahaulika sana. Lori lililoanza kusumbua siku moja baada ya kubadilishwa chujio la dizeli huenda lina hewa kwenye bomba, au chujio halikukazwa sawasawa. Kabla ya kufungua injini, fundi hurudi mahali mkono wa mtu ulipopita mwisho.

Baada ya maswali, ukaguzi huanza na vitu rahisi, vya bei ndogo na vinavyofikika kwa mkono. Fundi hupima kitu kimoja, na kikiwa kizima huendelea na kingine. Vitu vitatu vikibadilishwa kwa pamoja na lori likapona, hakuna atakayejua ni kipi kilichokuwa kibovu, na siku likirudia ugonjwa ule ule kazi itaanza upya.

Injini ya dizeli inataka nini

Mwaka 1897 mhandisi Mjerumani Rudolf Diesel alionyesha injini yake ikifanya kazi, na jina lake ndilo lililobaki kwenye mafuta. Injini hiyo haina plagi ya kutoa cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda hadi ibaki takriban sehemu ya 1/16 ya nafasi yake ya kwanza, au chini ya hapo. Hewa iliyobanwa hivyo hupata joto la zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi, na dizeli inaponyunyizwa humo huwaka yenyewe.

Hapo ndipo maradhi mengi yanapoanza kueleweka. Injini inahitaji mambo matatu: hewa ya kutosha, dizeli safi inayofika kwa wakati wake, na mbano mzuri ndani ya silinda. Likikosekana moja, injini itakataa kuwaka, itakosa nguvu au itatoa moshi.

Lori halitaki kuwaka

Swali la kwanza ni hili: ufunguo ukizungushwa, injini inazunguka au haizunguki?

Ikiwa haizunguki, au inazunguka kwa uvivu, shida iko upande wa umeme. Malori mengi mazito hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha takriban volti 12.6. Ikionyesha 12.2 imebaki na karibu nusu ya chaji. Kila betri hupimwa peke yake, kwa maana betri moja mbovu huiangusha nzima iliyo kando yake.

Lakini kabla ya kulaumu betri, vichwa vya waya viangaliwe. Pwani ina hewa ya chumvi, na unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri huzuia umeme kupita. Waya unaotoka kwenye betri hadi kwenye chesi na injini nao hulika kwa kutu, na ukilika stata hukosa nguvu hata betri zikiwa mpya. Wakati wa kufungua betri, waya wa hasi hutolewa kwanza na kurudishwa mwisho.

Injini ikishawaka, betri zote mbili zikipimwa pamoja zionyeshe kati ya volti 27 na 28.5. Zikibaki 24 au 25, oltaneta haichaji au mkanda wake unateleza. Kununua betri mpya bila kupima hilo ni kununua betri zitakazolala tena baada ya siku chache.

Ikiwa injini inazunguka vizuri lakini haiwaki, mtu mmoja aangalie bomba la moshi. Pasipo moshi hata kidogo, dizeli haifiki kwenye silinda. Hapo hukaguliwa tangi, chujio, na bomba la kuvuta dizeli. Upande huu wa kuvuta una tabia ya kupoteza mafundi: ukiwa na ufa, dizeli haidondoki chini, hewa ndiyo inayoingia. Bomba huonekana kavu na zima kumbe linanyonya hewa. Kipande cha mpira unaoonyesha ndani, kikiwekwa kwa muda kwenye njia hiyo, huonyesha mapovu. Ufa ukishazibwa, hewa hutolewa kwa pampu ya mkono hadi dizeli itoke bila mapovu. Moshi mweupe ukitoka nao, dizeli inafika lakini haiwaki, na uchunguzi huhamia kwenye mbano, nozo na wakati wa kunyunyiza.

Kuna onyo moja hapa. Kwenye injini za zamani, mafundi walizoea kulegeza bomba la nozo injini ikizunguka ili kutoa hewa. Injini mpya zenye nozo zinazoongozwa na kompyuta hubana dizeli kwa nguvu inayoweza kupita bar 1,600, karibu mara 200 ya upepo wa tairi la lori. Mabomba hayo hayalegezwi injini ikiwa inafanya kazi, na uvujaji hautafutwi kwa mkono bali kwa kipande cha kadibodi. Mchirizi mwembamba wa dizeli hupenya ngozi na kuingia ndani ya mwili. Tundu huonekana dogo kama la sindano, lakini mtu huyo apelekwe hospitali saa ile ile, kwa maana mkono unaweza kukatwa.

Dizeli chafu

Pampu na nozo hulainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa hayana ulaini huo. Yakichanganywa na dizeli, vyuma husagana na pampu hufa kabla ya wakati wake. Uchanganyaji huo ulienea nchini kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko dizeli, ndiyo maana Septemba 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 18 zaidi kwa kila lita ya mafuta ya taa. Dereva anayenunua dizeli kwenye mitungi kando ya barabara kwa bei ya kutupa anaokoa mamia ya shilingi leo na kumwachia mwenye lori deni la pampu kesho.

Adui wa pili ni maji. Hewa ya Pwani ina unyevu mwingi. Tangi likilala nusu, unyevu huganda ndani usiku na kuwa matone, na maji hushuka chini ya dizeli. Tiba yake haina gharama: tangi lijazwe jioni inapowezekana, na kikombe cha kutenganisha maji chini ya chujio kifunguliwe asubuhi kabla ya kuwasha, hadi itoke dizeli safi.

Rangi ya moshi

Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa. Chujio la hewa huangaliwa kwanza, kisha mipira ya turbo kama imepasuka au kulegea, kisha breki ya moshi kama imekwama imefunga. Nozo huja baadaye. Lori pia hutoa moshi mweusi likizidishiwa mzigo, na ugonjwa huo hauna kifaa cha kununua.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Inaweza kupitia kwenye ringi za pistoni zilizolika, kwenye vali, au kwenye turbo. Dereva anayeandika kiasi cha oili anachoongeza kila wiki humsaidia fundi kujua kama ugonjwa unakua.

Moshi mweupe wa asubuhi unaotoweka injini ikipata joto hauna shida. Ukiendelea, unuswe. Wenye harufu kali ya dizeli ni dizeli isiyoungua. Ukija pamoja na maji ya rejeta kupungua bila kuvuja popote, gasketi ya hedi ishukiwe.

Injini kuchemka

Mshale wa joto ukipanda, dereva asimame mahali salama. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa moto. Maji yaliyo ndani yana shinikizo na huruka usoni. Injini iachwe ipoe, na maji baridi yasimwagwe kwenye injini yenye moto kwa sababu hedi inaweza kupasuka.

Kisha chanzo kitafutwe. Je, maji yapo? Kama hayapo, yametokea wapi: mpira, rejeta, au pampu ya maji? Kama yapo, je, feni inazunguka na mkanda umekaza? Je, hewa inapita kwenye rejeta? Malori ya miwa hukusanya makapi na majani makavu, na ya barabara za vumbi hushika matope. Rejeta huoshwa kwa maji yasiyo na shinikizo kubwa, kutoka upande wa injini kwenda nje, ili uchafu urudi ulikotoka na mapezi yasipinde.

Kuna desturi mbili za Pwani zinazoharibu injini. Ya kwanza ni kujaza rejeta maji ya kisima. Visima vingi vya ukanda wa pwani vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na maji yake yana chokaa, mengine yana chumvi. Yakichemka kila siku huacha ukoko ndani ya rejeta, ule ule unaoonekana kwenye birika la chai. Ukoko huzuia joto kutoka, na chumvi hula chuma. Dawa ni maji maalumu ya rejeta yanayozuia kutu, yaliyochanganywa kama mtengenezaji alivyoagiza.

Ya pili ni kutoa themostati na kuitupa, kwa madai kwamba Pwani ni joto. Themostati huisaidia injini kufika kwenye joto lake la kazi na kubaki hapo. Bila hiyo injini hufanya kazi ikiwa baridi, hula dizeli zaidi na kulika upesi. Kwenye baadhi ya injini, themostati ikitolewa, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na injini huchemka zaidi kuliko awali. Themostati mbovu hubadilishwa kwa nyingine.

Oili inasema kweli

Kijiti cha oili ni kipimo rahisi kuliko vyote. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Ikiwa imepanda bila mtu kuongeza na inanuka dizeli, dizeli inavuja ndani, na oili nyepesi hailindi vyuma. Taa ya shinikizo la oili ikiwaka barabarani, injini izimwe hapo hapo mara lori linapokuwa mahali salama. Dakika chache za kusema "nifike tu Ukunda" zinaweza kugeuza kazi ndogo kuwa injini nzima.

Breki: hapa hakuna kesho

Maradhi yaliyotajwa hadi sasa hula mfuko. Breki huua. Lori lenye moshi linaweza kumaliza safari ya siku. Lori lenye kasoro ya breki halitoki kituoni.

Breki za upepo huanza na kompresa inayojaza matangi. Katika malori mengi shinikizo la kazi hufika bar 7 au 8. Likishuka hadi karibu bar 4, taa na kengele huonya. Likiendelea kushuka, springi kubwa zilizo ndani ya vyumba vya breki za nyuma hufunga magurudumu zenyewe. Dereva anayezima kengele kwa kukata waya amejiziba masikio.

Kila asubuhi kuna kipimo kisichohitaji fundi. Lori lizuiwe kwa mawe au vizuizi vya magurudumu mahali tambarare, upepo ujazwe, injini izimwe na hendibreki iachiliwe. Pedali ikanyagwe na kushikiliwa kwa dakika moja huku mshale ukitazamwa. Ukishuka zaidi ya takriban bar 0.3, kuna mahali panavuja. Utingo azunguke akisikiliza, kisha apake maji ya sabuni kwenye viungo vya mabomba. Mapovu yataonyesha mahali.

Matangi ya upepo nayo hukusanya maji kwa sababu ya unyevu wa hewa. Koki za chini zifunguliwe kila siku. Yakitoka maji mengi, kikaushio cha hewa kimechoka. Ikitoka oili, kompresa inapitisha oili, na oili hiyo huharibu mipira ya vali za breki.

Wenzo wa kurekebisha breki kwenye kila gurudumu uangaliwe pia. Ukienda mbali kupita kiasi pedali inapokanyagwa, lainingi hazishiki drami kwa nguvu. Kwenye lori lenye wenzo unaojirekebisha wenyewe, fundi asikimbilie kuukaza kwa spana tu kila mara. Ukihitaji kukazwa mara kwa mara, wenyewe ni mbovu au lainingi zimeisha.

Na fundi asijaribu kukifungua chumba cha springi kama hajafundishwa. Springi iliyo ndani imebanwa kwa nguvu inayoweza kumuua mtu kifuniko kikiruka.

Sasa mteremko. Mji wa Kwale uko juu ya vilima vya Shimba, takriban mita 400 juu ya usawa wa bahari, na barabara hushuka kutoka huko hadi Kombani. Lori la tani 30 likishuka mita 300 na breki zikaachiwa kazi yote, joto linalozaliwa kwenye drami linatosha kuchemsha pipa zima la lita 200 za maji. Drami zikipata moto kiasi hicho hupanuka, lainingi huteleza, na pedali inakanyagwa bila lori kupungua mwendo. Breki zilizokuwa nzima kileleni zinakosekana chini.

Kwa hiyo gia ndogo huingizwa kabla ya mteremko kuanza, na breki ya moshi au ya injini hutumika kushikilia mwendo. Pedali hukanyagwa kwa nguvu ya kutosha kupunguza mwendo, kisha huachiliwa ili drami zipoe. Kushuka na gia huru ili kuokoa dizeli ni kuuza roho kwa nusu lita. Mwendo ukiongezeka kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, kazi ya kulisimamisha lori huwa mara 4. Mzigo nao una kikomo: sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 56 kwa gari lenye ekseli 7, na pungufu ya hapo kwa lenye ekseli chache.

Baada ya mteremko au safari ndefu, dereva azunguke na kusogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa. Gurudumu lenye joto kuliko wenzake lina breki inayokwama au beringi inayokufa. Lililo baridi kuliko wenzake huenda breki yake haifanyi kazi kabisa. Nati zenye michirizi ya kutu kuzunguka zimelegea.

Likizimika barabarani

Matawi ya miti barabarani hayaonekani vizuri usiku, na mara nyingi hubaki hapo lori likishaondoka. Pembetatu za kuakisi mwanga ziwekwe mbele na nyuma, mbali kiasi cha kumpa dereva mwingine nafasi ya kupunguza mwendo, na mbali zaidi penye kona. Taa za tahadhari ziwashwe, magurudumu yazuiwe. Mtu asiingie chini ya lori lililoinuliwa kwa jeki pekee. Jeki huinua, stendi ndizo hushikilia. Kabini ikiinuliwa, kufuli yake ihakikishwe kabla mtu hajaingiza kichwa.

Kompyuta haimfukuzi fundi

Malori mapya huhifadhi namba za hitilafu, na vijana wengi sasa wana vifaa vya kuzisoma. Ni msaada mkubwa, mradi zisomwe kwa akili. Namba inayotaja kipimo cha shinikizo la turbo haisemi kwamba kipimo hicho ni kibovu. Inasema kompyuta imepata habari isiyotarajia kutoka upande huo. Huenda mpira umepasuka, au waya umeingia maji ya chumvi. Namba huonyesha mtaa, na nyumba bado itafutwe na fundi kwa kupima.

Daftari na mafunzo

Sheria inataka gari la biashara lipelekwe ukaguzi wa NTSA kila mwaka. Huo ni ukaguzi wa siku 1. Siku 364 zilizobaki ziko mikononi mwa dereva na mwenye lori. Daftari la shule linatosha: kilomita, oili iliyoongezwa, maji, vifaa vilivyobadilishwa na tarehe, na neno lolote geni ambalo dereva amesikia au kunusa. Mwenye lori naye amsikilize dereva anayesema breki hazishiki vizuri. Dereva anayeogopa kufukuzwa kwa kusema kweli atanyamaza, na mteremko hautanyamaza.

Katiba ya 2010 iliziachia kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Kijana wa kike au wa kiume anayejifunza kutumia mita ya umeme, kupima shinikizo na kusoma mchoro wa nyaya ana kazi katika kaunti ambayo malori hayapungui. Mafundi wakongwe wa gereji wana masikio yaliyozoea injini kwa miaka mingi. Vijana wana vifaa vya kupimia. Wakikaa meza moja, lori litatengenezwa mara moja badala ya mara tatu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kesho asubuhi, kabla ya safari kuanza, yafanyike mambo matano: oili ipimwe, maji yaangaliwe, maji yaliyo kwenye chujio la dizeli na matangi ya upepo yatolewe, mshale wa upepo utazamwe kwa dakika moja, na magurudumu yazungukwe. Ni kazi ya dakika 15 hivi. Lori lililopita hapo liende salama, na lisilopita libaki kituoni hadi chanzo kijulikane.